SHERIA KATI YA NCHI NA NCHI: INATUHUSU NINI SISI WA MPAKANI?



Kuna swali ambalo tunaulizwa karibu katika kila mkutano wa vikundi. Redio inatangaza kwamba Afrika Mashariki sasa ni soko moja, watu na bidhaa wapite bila shida. Halafu mtu anafika mpakani na magunia yake matatu, anaambiwa mambo mengine kabisa. Sasa mwongo ni nani? Ni redio, au ni yule aliyeketi nyuma ya dirisha?

Swali hili lilitufikia kwa uchungu. Akina mama saba wa kikundi kimoja tunachokifahamu walichanga pesa, wakaenda Tororo kununua maharagwe. Waliporudi, kwenye kituo ambacho hatutakitaja, ofisa mmoja aliwaambia walipe ushuru kama wa bidhaa iliyotoka ng'ambo. Walikataa, na mzigo ukazuiliwa. Ulikaa nje siku kumi na moja, na ulikuwa wakati wa mvua nyingi. Siku walipochoka wakakubali kulipa, nusu ya maharagwe yalikuwa yameanza kuota. Hawakupewa barua wala risiti. Na pesa zile zilikuwa za mzunguko, yaani kuna wenzao nyumbani waliokuwa wakingojea zamu yao.

Ilipopita karibu miezi minne, wakili mmoja alikuja kuzungumza kwenye semina yetu. Mama mmoja kati ya wale saba akasimama, akaeleza yote. Wakili akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Ilikuwa tarehe ngapi, mama?" Akahesabu kwa vidole. Akasema iko mahakama huko Arusha ambayo ingeweza kuangalia jambo hilo, lakini mlango wake hukaa wazi kwa miezi miwili tu, na miezi miwili ilikuwa imekwisha kupita.

Watu walinyamaza. Halafu mzee mmoja akasema kwa sauti, "Na hiyo miezi miwili iliwekwa na nani?"

Hapo ndipo tulipoanza kujifunza. Tumekaa Alhamisi nyingi jioni, tukiwa na nakala ya Mkataba wa Jumuiya, kamusi mbili, na mwalimu mmoja mstaafu ambaye Kiingereza cha mawakili hakimtishi sana. Haya tunayoandika hapa ni yale tuliyoyapata. Mengine yalitufurahisha na mengine yalitukasirisha.

SHERIA ISIYO NA POLISI

Jambo la kwanza lililotusumbua ni hili. Sheria ya Kenya tunaielewa. Kuna Bunge linaloitunga, kuna mahakama, kuna polisi, na ukikaidi utatiwa ndani. Lakini juu ya Kenya na Uganda hakuna Bunge linaloweza kuziamuru zote mbili kwa kila jambo, na hakuna chifu atakayemtuma askari kumshika rais. Basi sheria kati ya nchi na nchi ni kitu gani?

Kwa sehemu kubwa ni ahadi. Nchi zinakaa pamoja, zinaandika mkataba, zinatia sahihi, halafu kila moja inarudi nyumbani kuuthibitisha. Sehemu nyingine ni desturi, yaani mambo ambayo nchi zimeyafanya kwa muda mrefu zikijua kwamba ni wajibu, kama vile kutomdhuru balozi wa nchi nyingine.

Fikirini kikundi cha kuzungushiana pesa. Mna katiba, mmeiandika kwa kalamu, pengine mmesajiliwa. Siku mwanachama mmoja anakula zamu yake halafu anaacha kuchanga, mnafanya nini? Polisi hawatakuja mbio kwa sababu ya shilingi mia tano. Hata hivyo watu wengi huendelea kulipa. Wanalipa kwa sababu zamu itarudi tena, na kwa sababu watakutana nanyi sokoni, kisimani na matangani. Huo ndio utii wa nchi nyingi kwa sheria ya kimataifa. Si hofu ya pingu, ni hesabu ya kesho.

Lakini tusidanganyane, upande wa pili nao tunaujua. Yule mwanachama mwenye duka kubwa, anayemkopesha kila mtu, akichelewa kuchanga hakuna anayemuuliza kwa sauti. Katiba ni ileile, ila sauti hupungua. Duniani pia ni hivyo. Katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, nchi tano (Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi na China) zina kura ya turufu. Nchi nyingine zote zikisema ndiyo na moja kati ya hizo ikisema hapana, azimio limekufa. Jambo hilo limeandikwa katika Mkataba wenyewe wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945, ulioandikwa vita vikiwa ndiyo vinakwisha, na walioshinda vita walijiwekea viti vyao. Siasa haikuja baadaye kuharibu sheria. Ilikuwapo tangu mwanzo, ikiwa imeshika kalamu.

Mwalimu wetu alituambia tuliandike jambo hilo daftarini, maana tutalihitaji tukifika kwenye ile miezi miwili.

MSTARI ULIOCHORWA NA WENGINE

Kabla ya Arusha tuangalie hapa tulipo. Mpaka huu wenyewe ni sheria ya kimataifa. Mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu hizi zote hazikuwa Kenya. Zilikuwa Jimbo la Mashariki la Uganda, mpaka kule Naivasha. Mwaka 1902 Waingereza waliona ni vyema reli yote isimamiwe na utawala mmoja, basi wakaikata sehemu hiyo wakaitia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mto Sio ukawa mpaka, Mto Malaba ukawa mpaka. Hakuna Msamia wala Mteso aliyeulizwa. Mtu alilala akiwa jirani wa shemeji yake, akaamka shemeji yuko himaya nyingine.

Sasa, uhuru ulipokuja, viongozi wa Afrika walikuwa na shida kubwa. Kama kila nchi ingedai kurekebisha mipaka ya mkoloni, vita visingekwisha. Kwa hiyo mwaka 1964, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo, walikubaliana kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Ni uamuzi mchungu kwa watu kama sisi, kwa maana ulihalalisha mstari ambao hatukuuchora. Lakini ngoja uone kazi yake.

Mwezi wa Februari mwaka 1976 Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda kwa haki ya zamani. Alikuwa akitumia ramani ileile ya kabla ya 1902. Wazee wetu wa Malaba bado wanakumbuka hofu ya siku hizo. Ukiitazama historia peke yake, Amin alikuwa na neno la kusema. Ukiutazama uamuzi wa Cairo, hakuwa na chochote. Hakuna nchi ya Afrika iliyosimama kumuunga mkono achukue ardhi hiyo. Bila shaka majeshi ya Kenya na bandari ya Mombasa vilichangia kumtuliza, hatusemi karatasi ilifanya kazi hiyo peke yake. Lakini karatasi ilimwondolea marafiki.

Hata hivyo Desemba 1987, wakati Amin alikuwa ameondoka zamani, majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi hapahapa Busia, na mpaka ukafungwa. Mkataba wa Jumuiya ya kwanza, uliotiwa sahihi Kampala tarehe 6 Juni 1967, nao ulikuwa umekufa miaka kumi kabla ya risasi hizo. Haukufutwa na mahakama yoyote. Baada ya Amin kupindua serikali mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja. Kenya na Tanzania nazo zikagombana juu ya uchumi, ndege na reli. Michango ikaacha kulipwa, na kufikia 1977 nyumba ilikuwa imeanguka. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mpaka mwaka 1983. Maneno ya mkataba hayakubadilika hata nukta. Waliobadilika ni watu waliokuwa wakiubeba.

MIEZI MIWILI ILITOKA WAPI?

Mkataba mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Safari hii walioandika walikumbuka ya zamani, wakaweka neno jipya: Jumuiya iwe ya watu, siyo ya marais peke yao. Wakaanzisha mahakama, na katika Ibara ya 30 wakaandika kwamba mtu yeyote anayeishi katika nchi mwanachama anaweza kwenda kuuliza kama sheria, uamuzi au kitendo cha serikali kinavunja Mkataba. Mtu yeyote! Si lazima awe balozi au waziri. Tuliposoma hapo mara ya kwanza mama mmoja alitaka kupiga vigelegele.

Mkataba ulipoanza, hakukuwa na miezi miwili katika ibara hiyo. Iliingia hivi.

Mwaka 2006 Kenya ilitakiwa kupeleka wajumbe tisa katika Bunge la Afrika Mashariki. Ibara ya 50 inasema wajumbe wachaguliwe na Bunge la nchi. Kilichotokea ni kwamba majina yalipangwa na vyama na kamati, halafu yakapelekwa Arusha. Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda mahakamani kulalamika kwamba huo haukuwa uchaguzi. Tarehe 27 Novemba 2006 mahakama ikaamuru wajumbe wale wa Kenya wasitambuliwe kwanza mpaka kesi isikilizwe. Bunge zima la Jumuiya likakwama.

Wakubwa walikasirika. Wiki chache tu baadaye, Desemba 2006, marais wa nchi tatu zilizokuwa wanachama wakati huo waliubadilisha Mkataba. Waliigawanya mahakama kuwa ngazi mbili ili pawe na rufani, wakaongeza sababu za kumwondoa jaji kazini, na wakaweka muda: mwenye malalamiko alete kesi ndani ya miezi miwili tangu kitendo kilipofanyika au tangu alipokijua. Ngazi ya rufani si kitu kibaya, hata sisi tungeitaka. Lakini hebu fikirini haraka ile, na kwa nini ilikuja mara tu mahakama iliposema hapana. Mwezi wa Machi 2007 mahakama ilimaliza kesi ya Profesa Nyong'o na kutamka kwamba kweli Kenya haikufanya uchaguzi kama Mkataba unavyotaka. Lakini Mkataba wenyewe ulikuwa umeshaguswa.

Chama cha mawakili wa Afrika Mashariki kikashtaki mabadiliko hayo. Mwaka 2008 mahakama ikasema wazi kwamba kubadilisha Mkataba bila kuwashirikisha wananchi kulivunja Mkataba. Halafu ikayaacha mabadiliko yasimame. Tulisoma hapo mara mbili, tukidhani tumekosea. Mwalimu akatuambia hatukukosea. Mahakama isiyo na polisi, ambayo majaji wake huteuliwa na marais walewale, ilisema ukweli lakini haikutaka kuvunja nyumba. Wengine kati yetu wanaona huo ulikuwa woga. Wengine wanaona ilikuwa busara, kwamba mahakama changa ikipigana na marais watatu kwa siku moja itafungwa. Bado tunabishana.

MLIMA TUNAOUONA KUTOKA HAPA

Kama miezi miwili ingezuia kesi za maharagwe peke yake, pengine tusingeandika makala hii. Lakini iko kesi nyingine, na hii ni ya jirani zetu.

Mnajua yaliyotokea Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008. Kwanza lile kundi lenye silaha liliua na kukata watu masikio. Kisha, Machi 2008, jeshi lilipelekwa kulimaliza, na familia nyingi zikasema waume na vijana wao walichukuliwa, wakateswa, na wengine hawakurudi. Mwaka 2010 shirika la IMLU la Nairobi, linalowahudumia watu walioteswa, lilipeleka kesi Arusha dhidi ya serikali ya Kenya. Lilidai kwamba wakazi zaidi ya 3,000 walitendewa unyama, na serikali haikuchunguza wala kuwaadhibu waliohusika.

Ngazi ya kwanza ya mahakama ilikubali mwaka 2011 kwamba inaweza kuisikiliza. Serikali ikakata rufani. Machi 2012 ngazi ya rufani ikaamua kwamba kesi ililetwa baada ya miezi miwili, na Mkataba hauruhusu kuongeza muda. Kesi ikaishia hapo. Hakuna jaji aliyesema kwamba mateso hayakutokea. Hakuna aliyesema yalitokea. Kalenda ndiyo iliyoamua.

Ebu tuone mnyororo huo. Wanasiasa wanagombania viti tisa mwaka 2006. Marais wanaudhika na mahakama. Wanaweka muda mfupi. Na miaka sita baadaye mjane wa Mlima Elgon, ambaye hajawahi kusikia habari za viti hivyo, anafungiwa mlango. Watu wakituuliza siasa za kimataifa zinamhusu nini mtu wa kijijini, sisi siku hizi tunajibu kwa kisa hiki.

Msifikiri lakini kwamba mlango hauwafungukii watu kamwe. Tarehe 13 Aprili 2011 wakili mmoja Mkenya, Samuel Mukira Mohochi, alishuka uwanja wa ndege wa Entebbe. Akakataliwa kuingia Uganda, akarudishwa Nairobi siku ileile bila kuambiwa kosa lake. Yeye alijua habari za kalenda, akawahi. Tarehe 17 Mei 2013 mahakama ilitamka kwamba Uganda ilivunja Mkataba pamoja na Itifaki ya Soko la Pamoja. Uganda ilijitetea kwamba ni nchi huru, ina haki ya kumkataa mgeni. Mahakama ikajibu kwamba nchi iliyotia sahihi haiwezi tena kujificha nyuma ya uhuru wake. Inaweza kumkataa mtu kwa sababu ya usalama, afya au utulivu wa umma, lakini sababu itolewe, na mtu asikilizwe. Hukumu hiyo inamhusu hata mama wa njia za panya pale Busia, ingawa yeye hapandi ndege.

NA WAKUBWA WENYEWE JE?

Tulijiuliza kama serikali nazo huwa zinatii mahakama za mbali. Jibu ni kwamba inategemea, na majirani zetu wametupa mifano miwili isiyofanana.

Kongo iliishtaki Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kwa sababu ya majeshi ya Uganda yaliyoingia huko miaka ya vita. Mwaka 2005 Uganda ilishindwa. Fidia ilikadiriwa tarehe 9 Februari 2022: dola milioni 325 za Marekani, zilipwe kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka. Uganda haikuridhika, ikanung'unika, lakini Septemba 2022 ililipa awamu ya kwanza. Wakati huohuo Uganda na Kongo zilikuwa zikipigana pamoja dhidi ya waasi na kujenga barabara pamoja. Sisi tunaona urafiki huo ulisaidia mkono kuingia mfukoni.

Kenya nayo ilishtakiwa na Somalia juu ya mpaka wa baharini. Kenya iliacha kushiriki kesi kabla ya mwisho. Mahakama ilipotoa hukumu tarehe 12 Oktoba 2021, na sehemu kubwa ya bahari ikaenda Somalia, serikali yetu ilisema haikubali hukumu hiyo. Tena wiki chache kabla yake ilikuwa imeondoa kibali chake cha kushtakiwa huko. Tunaandika hili bila kumpendelea mtu. Hatuwezi kuwataka maofisa wa upande wa pili wa Mto Malaba waheshimu karatasi, halafu tukapiga makofi nchi yetu inapoikataa karatasi.

Kati ya Kenya na Uganda wenyewe, sheria na hesabu hutembea pamoja kama ng'ombe wawili wa kulima. Uganda haina bahari. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaipa nchi isiyo na pwani haki ya kupitisha mizigo yake, na tangu 1985 kuna makubaliano ya Ukanda wa Kaskazini juu ya barabara na reli hii inayotoka Mombasa. Kenya nayo inauza Uganda bidhaa nyingi mno. Januari 2008, vurugu za uchaguzi zilipokata barabara na reli ikang'olewa kule Kibera, petroli iliadimika Kampala na wenye viwanda Nairobi wakalia. Kila mmoja amemfungia ng'ombe wake kwenye boma la mwenzake.

Ndiyo maana Desemba 2023, Kenya ilipoinyima kampuni ya serikali ya Uganda leseni ya kuagiza mafuta kupitia Mombasa, Uganda ilipeleka kesi Arusha. Kisha mwaka 2024 wakubwa wakazungumza, leseni ikatoka. Je, kesi ilikuwa bure? Hatudhani. Mtu anayejua kwamba ameshtakiwa huja mezani na uso mwingine.

Na tusisahau kwamba mambo yanaweza kwenda vibaya hata Mkataba ukiwapo. Mpaka wa Gatuna kati ya Uganda na Rwanda ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa mpaka mwisho wa Januari 2022, nchi zote mbili zikiwa wanachama wa Jumuiya hiihii. Mwezi wa Machi 2021 Kenya nayo ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ghafla kwa sababu ya sumu ya ukungu, kisha baada ya siku chache ikalegeza na kuweka masharti. Sumu ile ni kweli ipo na inaua, hatuidharau. Lakini magunia yaliyokuwa tayari njiani yalikuwa ya watu.

SASA TUFANYE NINI NA MAGUNIA YETU?

Tukirudi kwa akina mama wetu saba. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, mzigo wa bidhaa zilizolimwa au kutengenezwa katika nchi wanachama, ulio katika orodha iliyokubaliwa na usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, haulipiwi ushuru wa forodha. Mwenye mzigo anaomba pale forodhani cheti kilichorahisishwa kinachoonyesha bidhaa imetoka wapi. Haitaji wakala wa kumjazia. Maharagwe ni mazao ya kawaida katika biashara hiyo. Lakini msije mkasema mliambiwa na gazeti kwamba hakuna chochote cha kulipa wala kuonyesha. Kodi nyingine za ndani zinaweza kuwapo kwa bidhaa fulani, na mazao yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Hapo ndipo wengi hunaswa, kisha wanadhani ni ushuru.

Mkizuiliwa, jambo kubwa kuliko ubishi ni karatasi. Ombeni kwa adabu uamuzi uandikwe: nani ameamua, tarehe gani, kwa sheria gani. Mkinyimwa karatasi, andikeni wenyewe palepale, shahidi atie sahihi. Bwana Mohochi alikuwa na notisi mkononi. Akina mama wetu walikuwa na maharagwe yaliyoota.

Na si lazima mbio za kwanza ziwe za Arusha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 2, inasema mkataba ambao Kenya imeuthibitisha ni sehemu ya sheria ya Kenya. Kwa hiyo hata hakimu wa Busia anaweza kuombwa ausome. Malalamiko mengi humalizwa na mkubwa wa kituo au dawati la habari za biashara, bila kesi. Lakini mkiwa mnazungumza nao, hesabuni siku. Mazungumzo hayasimamishi miezi miwili. Hili tumelisisitiza kwa sababu watu wapole ndio huumia hapo: wanaambiwa "njooni wiki ijayo", wanakuja wiki ijayo, na wiki ijayo tena. Ikifika wiki ya tano hakuna jibu, mtafuteni wakili au msaidizi wa sheria wa parokia. Mahakama ya Arusha ina ofisi ndogo Nairobi ya kupokea karatasi.

Wengine watauliza, mambo haya ya Cairo na The Hague yana haja gani kama cheti cha forodha kinatosha? Sisi tulianza na cheti tu. Tuliona kwamba kikundi kinachojua cheti peke yake hushangaa kila kinapobadilishwa, na Mkataba hubadilishwa. Mwaka 2006 hapakuwa na kikundi hata kimoja cha mpakani kilichoulizwa, na hapakuwa na kimoja kilicholalamika. Tangu wakati huo tunayo ile hukumu ya 2008 inayosema wananchi washirikishwe. Mtu akitaka kuugusa Mkataba tena, tunayo ya kumwonyesha.

Wale akina mama saba wamerudi Tororo mara mbili tangu hapo. Mara ya pili walizuiliwa tena kidogo, juu ya cheti cha afya ya mimea, na safari hii ofisa alikuwa na haki, kwa sababu cheti kilikuwa cha mzigo mwingine. Wakakubali, wakakitafuta, wakapita siku ya pili. Katibu wao sasa hubeba daftari la jalada gumu lenye tarehe upande wa kushoto.

Alhamisi zijazo tutasoma Itifaki ya Umoja wa Forodha, iliyoanza kutumika Januari 2005. Ni ndefu na haina raha. Wenye barua za kukataliwa mpakani waje nazo, hata kama zimelowa.